Mafuta Chini ya Nta

Msalato, Dodoma
Jumatatu, mchana

Dada yangu Editha,

Shikamoo dada. Na shemeji mfikishie shikamoo yake, ukimkuta hajanuna. Mimi mdogo wako nipo, napumua, na ukiniuliza zaidi ya hapo nitaanza kulia kabla sijamaliza ukurasa, kwa hiyo tuanze na nyinyi. Kifua cha mama kinaendeleaje na baridi hiyo? Mvua zimeshika? Viazi mmeshapanda? Huku hata wingu hatujaliona. Kuna upepo na kuna vumbi, na upepo ukipumzika vumbi linabaki likiendelea na kazi.

Najua umeshangaa kupata barua zama hizi za simu. Lakini simu inayoshika mtandao hapo kwenu ni ya shemeji, na shemeji hajui kusikiliza simu bila kuweka sauti ya juu. Mara ya mwisho nilipopiga, nilimsikia mama wa dukani akiniitikia salamu. Haya ya leo siwezi kuyasema dukani. Nampa barua dereva anayeleta huku mbao za paini kutoka Njombe, yule mwenye mwanya. Nimemwambia ni barua ya msiba ili asithubutu kuifungua, na sikumdanganya sana.

Kwanza mwanangu Neema. Ujumbe wako niliupata. Nimeelewa kwamba shangazi yake alikuja, akakaa sebuleni kwako, akanywa chai yako, kisha akasema mtoto wa marehemu kaka yao hawezi kuendelea kulelewa kwa watu wakati ukoo wake upo. Shule zikifunguliwa Januari, kama mimi sina kazi ya kueleweka na mahali pa kukaa na mwanangu, watakuja kumchukua. Dada, nyumba ile naijua. Niliingia pale bibi harusi, nikatoka mjane mwenye mtoto mgongoni. Mabinti wanaolelewa pale, shule huisikia kwa wenzao; wao wanapelekwa kilabuni kuuza ulanzi. Neema wangu anayekusomea magazeti ya kufungia maandazi, wampeleke kilabuni!

Mpaka majuzi nilikuwa na jibu la kumpa yule mama. Kazi nilikuwa nayo, chumba ninacho hapa Msalato, na shule ipo karibu kiasi kwamba kengele naisikia nikiwa kitandani. Sasa kaa chini nikusimulie.

Nilishakwambia kwamba nafanya kazi kwenye karakana ya kukereza mbao. Mwenyewe ni Mzee Sudi, Mwislamu wa hapa hapa mjini. Ukoo wao uko Dodoma tangu enzi za misafara na hapendi usahau. Yeye ndiye fundi. Anafunga kipande cha mti kwenye mashine, kinazunguka, anakishika kwa patasi mpaka kinatoka mguu wa meza, au nguzo ya kitanda, au bakuli, au kijiti cha kusukumia chapati. Kazi yangu mimi inaanza yake inapoisha. Nang'arisha.

Zamani tulipaka vanishi kwa brashi kama watu wote. Lakini vumbi la huku linaitafuta vanishi mbichi popote ilipo, kila kiti kilikuwa kinatoka na chunusi. Mzee Sudi akaenda Dar es Salaam akarudi na magurudumu ya kitambaa, yanayofungwa kwenye mashine nyingine kama ile ya kukerezea. La kwanza linapozunguka unaligusisha kipande cha dawa ya kahawia, kigumu kama sabuni ya mche, halafu unaliegemezea mbao; hilo linafuta mikwaruzo ya msasa. La pili lina dawa nyeupe, nalo linaleta mng'aro. La tatu ni nta, inayotokana na majani ya mti fulani wa ng'ambo. Hakuna kusubiri kikauke, kwa hiyo vumbi halipati pa kukaa.

Ukisikia hivyo unaona kazi rahisi. Jaribu! Mbao unaishika kwa mikono yote miwili, unaigusisha chini ya kitovu cha gurudumu, kamwe si juu. Ukikosea, gurudumu linakupokonya. Siku zangu za mwanzo lilinipokonya bakuli la mninga likaenda kupasua kioo cha saa ya ukutani. Mzee Sudi alilitazama bakuli, akaitazama saa, akasema, "Saa yenyewe ilikuwa haitembei, Skola, lakini bado nilikuwa naipenda." Mtu wa namna hiyo ndiye niliyekuwa namfanyia kazi, nataka ulijue hilo kabla sijaendelea.

Na nikajifunza, dada. Ikafika mahali najua kwa sauti tu kama mbao imeshiba dawa au bado. Mninga unaingia kwenye gurudumu umepauka kama goti la mtoto, unatoka mwekundu, unawaka, na mistari yake yote imejitokeza. Niliipenda kazi ile. Tangu nifiwe sikuwahi kupenda kitu tena hivyo.

Sasa akaja Mama Jaya. Huyu ni Mhindi, mjane, mwenye duka la vitambaa mjini. Amezaliwa hapa hapa, Kiswahili chake ni cha hapa, na akigombana na wauza zabibu wa Hombolo anachomekea na Kigogo. Mkwe wake, mke wa mwanawe Hitesh, alikuwa anakaribia kujifungua, naye akataka kitanda cha kubembea cha mtoto mchanga, kile cha kwao chenye nguzo zilizokerezwa na vijiti pembeni. Alikuja karakana mwenyewe, akakalia kigoda, akatutazama kazi yote.

"Sitaki vanishi," akasema. "Mtoto akianza kuota meno atakitafuna hiki kitanda. Wewe binti, wewe ndiye unayepaka. Unapaka nini?"

"Sipaki, mama, nang'arisha kwa gurudumu. Mwisho ni nta ya majani."

"Na kabla ya nta?"

"Dawa ya kusugulia."

Mzee Sudi akadakia kule kwenye mashine. "Safi kabisa, Mama Jaya. Wallahi hakuna najisi humo. Muuzaji nilimbana mimi mwenyewe."

Mama Jaya akaridhika. Tena akanizoea. Alinituma nyumbani kwake kupima mahali kitanda kitakapokaa, na mlangoni nikaambiwa viatu niache nje, na mkoba wangu kwa sababu ni wa ngozi nao niuache nje. Nikalishwa wali na dengu mpaka nikaona haya. Kwao nyama haiingii, hata yai haliingii. Nilimsimulia habari za Neema, akaniambia, "Mlete, sare yake nitamkatia kitambaa mimi." Dada, nilirudi Msalato naimba barabarani, watu wakanipisha wakidhani nimerukwa na akili.

Mtoto akazaliwa, wa kiume, mzima. Kitanda tukakipeleka kikiwa kinang'aa hata unauona uso wako kwenye nguzo. Kwao mtoto anapewa jina kwa sherehe, na jina linatajwa na shangazi yake huku mtoto amelazwa. Sherehe ikapangwa Jumapili, yaani jana.

Wiki iliyopita, siku ambayo joto lilikuwa la kukaushia nyama, nilikuwa nang'arisha vijiti vya chapati kwenye lile gurudumu la kwanza. Nilikuwa nabana sana na dawa ikawa inayeyuka. Akaingia Mama Ndahani na ugali wetu wa mchana. Ni mama wa Kigogo, kwao Haneti, anatupikia sisi na mafundi wa jirani, na ndiye aliyekuwa amekubali kukaa na Neema baada ya shule mpaka mimi nitoke kazini.

"Mbukwa, Skola," akanisalimu kwa Kigogo. "Leo mnachoma nyama humu?"

Nikamwambia nyama tuipate wapi. Akaweka sufuria chini, akakiokota kipande cha ile dawa ya kahawia, akakinusa.

"Haya si mafuta ya ng'ombe?" akasema. "Usinibishie, mimi nimekulia zizini. Bibi yangu alikuwa anatupaka haya mwili mzima mpaka tunateleza."

Akafurahi kweli, na mimi nikacheka. Nikampelekea Mzee Sudi kile kipande kama utani. "Mzee, Mama Ndahani anasema dawa yako imegandishwa na mafuta ya ng'ombe."

"Ndiyo, ya ng'ombe," akasema, tena kwa kujivuna. "Nilimuuliza yule muuzaji mpaka akachoka. Si nguruwe? Akaapa, ni ng'ombe, kiwandani wanakotengeneza wanatumia ng'ombe tu. Unadhani mimi ningeingiza nguruwe humu ndani? Na hii nyeupe ni hivyo hivyo."

Kicheko kilinikauka. "Mzee. Mama Jaya."

"Mama Jaya kafanyaje?"

"Wale hawamli ng'ombe, mzee. Kwao ng'ombe hachinjwi. Mkoba wangu wa ngozi tu niliambiwa niuache nje."

Alikuwa ameinua patasi. Mkono ukabaki pale pale juu, na mashine ikizunguka bure. Hakufanya kusudi, dada, na nitamtetea kwa hilo mpaka naingia kaburini. Kwake yeye najisi ina mnyama mmoja, na huyo alihakikisha hayumo. Aliapa kweli kwa dini yake, kumbe kwa dini ya mwenzake ameapa uongo. Mama Ndahani naye kachungulia akauliza tuna nini, maana kwake mtoto kupakwa mafuta ya ng'ombe ni kheri tupu. Na mimi ninayetoka kwetu Njombe, ambako mafuta ya ng'ombe tunapaka hata mpini wa jembe, nisingejua kabisa kama nisingekula wali nyumbani kwa watu.

Mzee Sudi akazima mashine.

"Imeshaungua ile," akasema. "Gurudumu la pili limeiondoa."

"La pili nalo lina mafuta yale yale, umesema mwenyewe sasa hivi."

"Basi nta imefunika!"

Kisha akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza: "Skola, karibu wateja wangu wote wakubwa ni jamaa zao. Wakisikia nimemlaza mtoto wao juu ya mafuta ya ng'ombe, na kuapa nimeapa, hapa nafunga. Mlango wangu ukifungwa na wako umefungwa. Si una mtoto anakuja? Funika kombe."

Nikajaribu kufunika. Nilirudi kwenye gurudumu nikang'arisha vijiti vilivyobaki, lakini kila nikikishika kimoja nauona mdomo wa yule mtoto. Ni mimi niliyeulizwa, dada. "Wewe ndiye unayepaka, unapaka nini?" Mama Jaya hakumuuliza muuzaji wa Dar es Salaam, aliniuliza mimi. Nikawaza kwamba ni mbao tu, na nikawaza vilevile kwamba kama mtu angemlisha Neema wangu kitu nisichokitaka, akakaa kimya kwa sababu ya kazi yake, ningemwombea mabaya.

Ijumaa Mzee Sudi alipokwenda kuswali, nikaenda.

Nilimkuta Mama Jaya amekaa pembeni ya kitanda, mtoto ndani, anavuta kamba polepole kinabembea. Mkwe wake alikuwa amelala chumba cha pili. Kabla sijasema lolote alinishika mkono akauweka juu ya mwamba, ule mti wa juu unaoshika kitanda. "Gusa," akasema. "Wageni wote wanagusa."

Nikamwambia. Sikuzunguka, maana ningezunguka ningetoka na hadithi nyingine. Nilisema dawa ile imegandishwa na mafuta ya ng'ombe, mimi sikujua kwamba yamo, Mzee Sudi alidhani mnaulizia nguruwe, na sasa yako chini ya nta.

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alimtoa mtoto, akamlaza kitandani kwake. Akaitazama mikono yake, akaingia ndani, nikasikia maji yanamwagika kwa muda mrefu. Aliporudi alikuwa amezeeka, dada, sijui nikuelezeje.

"Nani mwingine anajua?"

"Mzee Sudi. Na mama mmoja anayetupikia."

"Basi wasiongezeke. Hitesh asijue, ataenda pale na watu na patakuwa na vurugu. Na mkwe wangu ndiyo kabisa asijue. Amepoteza watoto kabla ya huyu. Akijua, mtoto akipiga chafya tu atasema ni kitanda, na mimi ndiye niliyekileta." Akakaa. "Kichukue. Nitawaambia kinalia kikibembea. Jumapili asubuhi kirudi kikiwa safi."

"Mama, sijui kama kinasafishika."

"Si wewe uliyekipaka?"

Nilikuwa nimekwenda kutua mzigo, kumbe nimemtwisha mwanamke mzee. Kabla sijafika, yeye alikuwa na furaha. Nilipotoka, mimi nilikuwa mwepesi kidogo na yeye hawezi tena kumtazama mjukuu wake bila kukumbuka. Hilo sikulifikiria njiani. Nilifikiria moyo wangu tu na jinsi unavyoniuma.

Kitanda nikakipakia kwenye guta mpaka karakana, kwa sababu vifaa viko huko. Mzee Sudi alikuwa amesharudi, kofia bado kichwani. Aliliona guta akaelewa.

"Umesema."

"Nimesema, mzee."

"Nikiwa msikitini."

Nikaendelea kufungua kamba za guta.

"Hukungoja hata nitoke kuswali, Skola? Hukuniambia hata, 'Mzee, mimi nakwenda'?" Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Vua aproni. Na hicho kiondoe, sitaki kukiona."

Nikavua. Aproni niliikunja vizuri nikaiweka juu ya mashine, sijui kwa nini niliona ni lazima ikunjwe. Hivyo ndivyo kazi yangu ilivyokwisha.

Tangu hapo hadi Jumamosi jioni nilikuwa uani hapa nyumbani nakivua kitanda kile kwa mikono. Nilifuta nta kwa thina. Nikakwangua kwa kipande cha kioo, nikapiga msasa, nikasugua kwa maji ya moto na sabuni, mbao ikasimama manyoya, nikaanza upya. Upepo ulikuwa unaniletea vumbi la malori yanayopita kwenye kazi za uwanja mpya wa ndege, nikawa nafuta hilo nalo. Kwa juu ikatoka. Lakini mninga una vinyweleo, dada, ukiutazama karibu unaona vitobo kama ngozi ya mtu, na ndani ya kila kitobo dawa ya kahawia ilikuwa imekaa. Gurudumu huisukuma ndani kwa nguvu, na mimi nilikuwa fundi hodari wa kubana. Nilichukua sindano nikawa nachokoa kitobo kimoja kimoja. Nguzo nzima, kwa sindano!

Mama Ndahani akanikuta hivyo. Alikuja na mlenda wake, akachuchumaa, akachukua sindano nyingine akaanza kuchokoa upande wa pili bila kuulizwa. Baadaye sana ndipo aliposema, "Mimi nilidhani nawasifia." Akalia yeye, nikalia mimi, tukaendelea kuchokoa.

Haikutoka yote. Haiwezi kutoka yote. Njia ya kuiondoa ni kukereza nguzo mpya, na mashine sina. Nilipaka nta ile ya majani tupu, kwa kitambaa na nguvu za mkono, na jana asubuhi nikakirudisha.

Mama Jaya alinipokea uani kwa nyuma. Ndani wanawake walikuwa wanapanga maua na vyakula.

"Imetoka?"

"Ya juu imetoka, mama. Iliyoingia ndani ya vinyweleo imebaki. Kidogo, lakini imebaki. Bila nguzo mpya haitoki."

Aliinama mpaka pua ikakaribia mbao. Akapitisha kidole gumba polepole, kutoka mwanzo wa nguzo hadi mwisho.

"Mimi sioni kitu," akasema.

"Mama, ipo."

"Sioni kitu, Skola."

Hitesh akatoka na shada la maua mkononi, amevaa nguo nyeupe, anacheka na kila mtu. Akakisukuma kitanda kikabembea. "Hakilii tena! Lakini kinanuka thina kidogo. Mke wangu ataniuliza. Umeweka nini humu, dada? Ni salama kwa mtoto?"

Mama Jaya hakuniambia niseme nini. Alinitazama tu, na mimi nikamtazama, na ndani mtoto akaanza kulia.

"Hakuna kitu humo, kaka," nikasema. "Ni nta ya majani tu. Ni safi."

Akanishukuru, Editha. Akaniombea baraka kwa mwanangu. Wakakiingiza ndani, wakakizungushia maua, wakamlaza mtoto, na mimi niliyesimama mlangoni nikasikia shangazi mtu akilitaja jina na watu wakishangilia. Kazi yangu niliitoa kwa ajili ya ukweli, na ukweli wenyewe niliutupa pale uani. Kama ni kudanganya, si ningedanganya tangu Ijumaa nikiwa na aproni yangu?

Mama Jaya alinisindikiza hadi getini. Alinijaza vitamu viganjani, akasema kwa sauti ya chini, "Usije tena nyumbani kwangu, binti. Sina hasira na wewe. Ni kwamba nikikuona nitakumbuka." Habari ya sare ya Neema hakuitaja, na mimi ningeitajaje.

Leo asubuhi nimezunguka mjini kutafuta. Karakana ya kwanza wanapuliza vanishi kwa pampu, hawana haja na mtu wa gurudumu. Ya pili fundi alinitazama akasema, "Wewe si ndiye wa kwa Sudi? Kuna nini huko?" Nikamwambia hakuna kitu, nikaondoka. Kama nitasema sababu, namwangamiza Mzee Sudi. Nisiposema, watu watadhani nimeiba. Mama Ndahani anasema nikaombe msamaha, na nitakwenda, nitapiga magoti hata kwenye vumbi la mbao. Ila nilimwona macho yake, dada. Hakuna gurudumu la kufuta kile.

Nimechoka. Nina hofu ambayo sijawahi kuwa nayo hata siku tuliyomzika baba Neema, kwa sababu siku ile mtoto nilikuwa naye mgongoni.

Mama mwambie nampenda na asitoke nje bila sweta. Mjomba Kasto wa mashine ya kusaga mpe salamu, pia mama mdogo Agripina wa kwaya, na binamu yetu Faraja ambaye nasikia ameanza ualimu, mwambie asiwachape watoto wa watu. Neema mkumbatie, mshike kichwa kama mimi ninavyomshika. Vile vitamu vya kwenye sherehe namtumia kwa dereva huyu huyu, sikuonja hata kimoja.

Sasa lile ambalo nimekuwa nikilizunguka tangu nilipoanza kuandika. Shangazi yake Neema atarudi, na hatamuuliza shemeji wala mama. Atakuuliza wewe, kwa sababu ukoo mzima unajua Editha hasemi uongo. Atauliza kama Skola bado ana kazi Dodoma.

Mwambie ninayo. Mwambie nipo kwa Mzee Sudi, nang'arisha mbao, na wateja wananipenda. Mwambie ukimtazama usoni. Mimi najua sasa kwamba inawezekana.

Anayekutegemea kuliko alivyowahi kukutegemea,
mdogo wako,
Skola